Mwongozo kamili wa kufundisha uraia kwa vitendo: kuanzia darasani mpaka mkutano wa kijiji

Walimu wenzangu, somo la Uraia kwenye shule nyingi tunalifundisha kwa kukaririsha. Mwanafunzi anaijua mihimili mitatu ya dola, anazijua sifa za raia mwema, kwenye mtihani anapata A, halafu ukimuuliza ofisi ya mtendaji wa kijiji chao iko wapi anakuangalia tu, mwenyekiti wa kitongoji chake hamjui na nyumba yake anaipita kila asubuhi akija shule. Miaka miwili mitatu mbele huyo huyo anafikisha 18, anakuwa mpiga kura, anakuwa mjumbe halali wa mkutano mkuu wa kijiji, na hajawahi hata siku moja kuona mkutano unavyoendeshwa, kuuliza swali mbele ya kiongozi wala kuandika barua ya kuomba taarifa.

Hapa naandika njia nzima ya kulifanya darasa lako lishiriki kwenye maamuzi ya kweli, yaani lichukue shida moja ya pale pale lilipo, liichunguze, limtafute mhusika, limwandikie, likae naye mkutanoni, lifuatilie mpaka jibu lipatikane. Nimelenga sekondari za Tanzania Bara, hasa shule zetu za kata, ila mwalimu wa darasa la sita au la saba anaweza kuitumia akiipunguza. Iwe unafundisha Uraia au somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, inaingia tu. Kwa Zanzibar mfumo wa chini uko tofauti, kuna shehia, na sheha anateuliwa hapigiwi kura, kwa hiyo mwalimu wa huko abadilishe majina ya ofisi, hatua zenyewe ni zile zile.

KABLA HUJAANZA

Swali la kwanza utakaloulizwa ofisini ni "mwalimu, hii si siasa?" Jibu lake uwe nalo tayari, tena lenye vifungu, maana ukijibu kwa maneno matupu mpango unafia hapo hapo. Katiba ya 1977 ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na haki ya kupata taarifa. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwenye maamuzi ya mambo yanayomhusu. Na kwa wale wanaosema watoto hawahusiki, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 11 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake, na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Viandike kwenye karatasi moja umpelekee mkuu wa shule pamoja na mpango wako.

Upande wa vyama kuwa mkali sana. Wewe ni mtumishi wa umma, huruhusiwi kufanya siasa za chama kazini, na watoto wa watu wasigeuzwe mtaji wa mtu yeyote. Wanafunzi wanaenda na sare za shule, hakuna kofia wala skafu ya chama, hakuna kuitikia salamu ya chama, hakuna kupiga picha na mgombea, na kipindi cha kampeni ziara zote unasimamisha hata kama mwaliko umetoka kwa mtu mnayemheshimu.

Halafu kuna hofu za wazazi, na hizi usizipuuze. Baada ya yaliyotokea kwenye uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, ambapo watu walipoteza maisha, mzazi akisikia mtoto wake anapelekwa kwenye "mambo ya serikali" moyo unamlipuka, na ana haki. Waite kwenye kikao cha wazazi, waeleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba watoto wanaenda kujifunza kuuliza kuhusu vyoo au maji au kivuko, wanaenda na walimu, wanaenda kwa ruhusa ya maandishi na wanarudi saa fulani. Kila mzazi asaini fomu ya ridhaa. Asiyetaka mtoto wake aende mkutanoni usimlazimishe, huyo mtoto mpe kazi ya kuhesabu au ya kuandika, zipo nyingi tu.

Kuhusu muda, anza muhula wa pili, Julai. Tumia kidato cha kwanza na cha tatu, kwa sababu cha pili wana upimaji na cha nne wana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka, ukiwagusa hao utagombana na mtaaluma bure. Sababu kubwa zaidi ya kuanza Julai ni bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, Bunge la bajeti linaanza Aprili Dodoma, kwa hiyo vipaumbele vya vijiji na kata vinatakiwa viwe vimekusanywa miezi mingi kabla. Darasa likipeleka hoja yake Mei linaambiwa bajeti imeshapita. Likipeleka Septemba au Oktoba bado kuna nafasi ya kuingia kwenye mpango.

HATUA YA KWANZA: WACHAGUE SHIDA WENYEWE

Hapa walimu wengi tunaharibu kwa kuja na shida yetu mfukoni. Waache. Wape wiki moja, kila kundi la watu watano au sita lizunguke shule na njia za kuja shule, liandike mambo matatu yanayowakera au kuwahatarisha. Wakirudi, orodha iandikwe ubaoni, kila kundi litetee lake kwa dakika tatu, halafu darasa lipige kura ya siri. Kura ya siri nasisitiza, maana ukiuliza wanyooshe mikono wasichana wengi wataangalia mikono ya wavulana kwanza.

Shida inayofaa lazima ionekane kwa macho, ipimike kwa namba, iwaguse wao wenyewe, na mhusika wake awe mtu mnayeweza kumfikia ndani ya kata au wilaya. Vyoo, maji ya kunawa, kivuko kinachojaa mvua za masika, taa ya barabarani, uchafu wa soko lililo jirani, hizo zinafaa. Ajira kwa vijana nchi nzima haifai, hata kama inauma, kwa sababu hakuna mlango mmoja wa kuugonga.

Vitu viwili vikataliwe tangu mwanzo. Migogoro ya ardhi, na tuhuma za wizi dhidi ya mtu anayejulikana. Hayo yana wenyewe, watu wazima watawatumia watoto kama kete, na usalama wao hautakuwa mikononi mwako tena.

HATUA YA PILI: NAMBA KWANZA, MALALAMIKO BAADAYE

Tuseme darasa limechagua vyoo vya wasichana. Wakienda kwa mtendaji wakasema "vyoo havitoshi" watajibiwa "tunajua, tunalifanyia kazi" na mazungumzo yameisha. Kwa hiyo kabla ya barua yoyote wanahesabu.

Wanachukua idadi ya wanafunzi kwa mwalimu wa takwimu, tuseme wasichana ni 312 na wavulana 287. Wanaenda vyooni wanahesabu matundu yanayofanya kazi, siyo yaliyopo tu, maana tundu lenye mlango uliong'oka au lililojaa halihesabiki. Tuseme wasichana wana 7, wavulana 8. Kiwango cha kitaifa kwa shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wanapiga hesabu wenyewe: wasichana wanahitaji matundu 16, upungufu 9. Wavulana wanahitaji 12, upungufu 4. Kwa sasa tundu moja linatumiwa na wasichana 44 au 45.

Ona hapo kilichotokea. Malalamiko yamegeuka kuwa namba tisa, na namba tisa kiongozi hawezi kuijibu kwa "tunalifanyia kazi", lazima aseme ngapi, lini, kwa fedha ipi. Hilo somo peke yake lina faida kuliko kurasa nyingi za nukuu.

Waongeze na ushahidi mwingine. Wapime muda wa foleni kipindi cha mapumziko kwa siku tano mfululizo. Waangalie kama kuna maji ya kunawa, kama kuna chumba cha kubadilishia taulo za kike, kama mlango unafungwa kwa ndani (kwenye hili wasichana wahoji wasichana wenzao, na mwalimu wa kike awasimamie, bila majina kwenye karatasi). Wamwite fundi wa pale kijijini, wamuulize tundu moja linahitaji mifuko mingapi ya saruji, matofali mangapi, trip ngapi za mchanga, bei zake sokoni zikoje. Yale makadirio hata yasipokuwa kamili yanawafundisha kwamba huduma ya umma ina gharama, na kwamba anayeomba kitu anatakiwa ajue anaomba cha kiasi gani.

Mnakumbuka fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, yale madarasa 15,000? Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20 na kila mtu aliijua ile namba, mpaka mama ntilie. Ndo maana wananchi waliweza kusimama mbele ya jengo wakauliza, hii ndo milioni 20? Mtu akiwa na namba anapata ujasiri wa kuuliza, na mwanafunzi ni hivyo hivyo.

HATUA YA TATU: KUMTAFUTA MHUSIKA

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo inayorukwa sana. Watanzania wengi tu, na wasomi wakiwemo, tunalalamika kwa mtu asiyehusika. Barabara ya mtaani mbovu tunamlaumu mwenyekiti wa mtaa, wakati barabara za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA tangu 2017, na barabara kuu na za mikoa ni TANROADS. Maji vijijini yapo chini ya RUWASA, ilianzishwa kwa sheria ya 2019, na pale chini kabisa kuna chombo cha watumia maji cha jamii ambacho kina viongozi wake na kinakusanya hela ya ndoo. Sekondari na zahanati zipo chini ya halmashauri.

Chora na darasa ngazi nzima kwenye karatasi kubwa, bandika ukutani. Kitongoji kina mwenyekiti. Kijiji kina mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa, kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na juu yao kuna mkutano mkuu wa kijiji ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mjini ni mtaa badala ya kijiji. Halafu kata, hapo kuna diwani na mtendaji wa kata, na Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndo mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndo katibu. Halafu halmashauri ya wilaya au mji, hapo kuna baraza la madiwani na mkurugenzi ambaye ndo mtendaji mkuu. Halafu TAMISEMI, yaani wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, halafu Bunge.

Wanafunzi wajaze majina ya walioko madarakani sasa hivi kwa kuuliza nyumbani, wewe usiwaambie. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji waliingia kwenye uchaguzi wa 27 Novemba 2024, madiwani na wabunge wakaingia Oktoba 2025. Na watenganishe kwa rangi mbili: nani amechaguliwa na nani ameajiriwa. Diwani anaweza kubeba hoja yako mpaka kwenye baraza na ukimchoka humrudishi. Mtendaji humpigii kura, yeye ndo anatunza mafaili, anaandika mihtasari, anapokea barua. Mwanafunzi akishaelewa tofauti hiyo hatapoteza mwaka mzima anamlilia mtu asiyeweza kumsaidia.

Kwa mfano wetu wa vyoo njia inakuwa hivi: mkuu wa shule na bodi ya shule wajue kwanza, maana hamuwezi kuruka uongozi wenu, kisha mtendaji wa kata ili iingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, nakala kwa diwani na kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Kijiji nacho kinahusika kwa sababu shule nyingi za kata zilijengwa na nguvu za wananchi wenyewe, na mara nyingi kuchimba shimo na kusomba mawe ni uamuzi wa mkutano wa kijiji.

HATUA YA NNE: BARUA

Barua ya kiofisi ni ujuzi wa maisha, kwa hiyo usiwaandikie. Kila kundi liandike yake, darasa lichague sentensi nzuri kutoka kila barua, mnapata moja. Iwe ukurasa mmoja, basi. Mfano wa mwili wake (K.K. ni kupitia kwa, YAH ni yahusu):

"K.K. Mkuu wa Shule.
YAH: OMBI LA KUWASILISHA HOJA YA UPUNGUFU WA MATUNDU YA VYOO KWENYE KAMATI YA MAENDELEO YA KATA
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Sisi wanafunzi wa kidato cha tatu tumefanya uchunguzi wa vyoo vya shule yetu. Shule ina wasichana 312 na matundu 7 yanayofanya kazi. Kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20, tunapungukiwa matundu 9. Jedwali la takwimu limeambatishwa.
Tunaomba mambo mawili. Kwanza, hoja hii iwe agenda kwenye kikao kijacho cha kamati. Pili, tujulishwe kwa maandishi tarehe ya kikao na uamuzi utakaofikiwa.
Tuko tayari kushiriki kazi za mikono siku za Jumamosi, wazazi wetu wakiridhia."

Angalia ombi lilivyo la wazi, na kwamba mwishoni wametaja wao watachangia nini. Hiyo sentensi ya mwisho inabadilisha kabisa namna kiongozi anavyowasoma.

Barua ipelekwe kwa mkono na wanafunzi wawili pamoja na mwalimu, na waende na daftari la dispachi. Anayepokea asaini, aandike tarehe, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapa usilegeze hata kidogo. Barua isiyo na saini ya dispachi baada ya mwezi inakuwa haijawahi kuwepo.

Kama mnachotaka ni taarifa, mfano ruzuku ya uendeshaji iliyoingia shuleni au mapato na matumizi ya kijiji, kwanza waende wakasome ubao wa matangazo, mara nyingi taarifa ipo na hakuna anayeisoma. Isipokuwepo, waandike ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu. Tarehe ya siku ya 30 iandikwe kwenye kalenda ya ukutani darasani, watoto wenyewe wawe wanaihesabu.

HATUA YA TANO: SIKU YA MKUTANO

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Muulizeni mtendaji tarehe mapema, na mumuombe mwenyekiti ruhusa mbili tofauti: ya wanafunzi kuhudhuria, na ya mwanafunzi mmoja kuongea kwa dakika tano. Msiwekwe kwenye "mengineyo". Mengineyo yanafika jua linazama, nusu ya watu wameshaondoka na mwenyekiti anataka kufunga, ombeni agenda yenye namba.

Wafahamu kwamba walio chini ya 18 hawapigi kura pale, wanatoa maoni tu, ila darasani kwako kidato cha tatu unaweza kuwa na mwenye miaka 18 tayari, huyo kama ni mkazi wa kijiji hicho ni mjumbe kamili, mwambie, atakaa tofauti kabisa kwenye lile benchi.

Fanyeni mazoezi darasani kabla. Mmoja awe mwenyekiti, mwingine mtendaji, wengine wananchi wabishi. Na wale wabishi wawe wabishi kweli, waulize maswali ambayo yataulizwa: "Michango mingapi tumeshatoa?" "Mbona sisi tulisoma na vyoo viwili?" "Nyie watoto mmetumwa na nani?" Hili la mwisho litakuja, karibu kila mahali linakuja, na jibu lake ni namba zao. "Hatujatumwa, tumehesabu wenyewe, na jedwali hili hapa." Mtoto akiwa ameshalijibu mara tatu darasani hatatetemeka mbele ya wazee.

Adabu zetu zibaki pale pale. Anasimama, anaamkia shikamooni wazee wetu, anaomba nafasi kupitia kwa mwenyekiti, anajitambulisha, anasema hoja, anaomba jambo moja, anakaa. Adabu haimzuii kuuliza swali gumu, na hili uwafundishe wazi wazi maana wengi wamekuzwa kuamini kwamba kumuuliza mkubwa ni kumvunjia heshima. Msichana akiwa ndo msemaji kwenye hoja ya vyoo vya wasichana ni vizuri sana, ila akubali mwenyewe.

Wengine wasikae bure. Wawili waandike muhtasari wao: nani alisema nini, nani aliahidi nini, lini. Mmoja ahesabu wanawake waliozungumza na wanaume waliozungumza. Mwingine aangalie kama mapato na matumizi yamesomwa, na wananchi waliuliza au walipiga makofi tu. Haya yatawapa mjadala wa vipindi viwili mkirudi.

Na usisahau baraza la madiwani, linakutana kila robo mwaka na kikao chake wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kama shule ipo karibu na makao makuu ya halmashauri omba nafasi kwa mkurugenzi mkakae kwenye viti vya wageni.

HATUA YA SITA: KUFUATILIA, NA KUKUBALI JIBU GUMU

Kuna majibu ya aina tatu. Ndiyo, hapana, na kimya. Kimya ndo kingi. Baada ya wiki mbili wanafunzi wawili wanaenda ofisini na nakala ya barua yenye muhuri, wanauliza kwa upole imefika wapi. Baada ya mwezi wanaandika barua ya kukumbushia wakitaja tarehe ya barua ya kwanza, nakala kwa diwani. Kila hatua inaandikwa kwenye daftari: tarehe, walionana na nani, alisema nini.

Wakiambiwa hapana kwa sababu bajeti imeelekezwa kwenye zahanati, usiwaache wakae na kinyongo. Waulize: ungekuwa diwani, kata ina hela ya jengo moja, zahanati haina wodi ya wazazi na sekondari haina vyoo, ungeamua nini na ungewaambiaje walioshindwa? Fanyeni mdahalo, wagawane pande bila kuchagua. Hapo ndo wanaelewa kwamba wapo wananchi wengine wenye shida za kweli kama zao.

Wakipata ndiyo, hata kama ni matundu matatu kati ya tisa, kazi haijaisha. Fedha za ujenzi zikiletwa shuleni kwa utaratibu wa mafundi wa jamii kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Omba mwanafunzi mmoja au wawili wawe wanaangalia kamati ya mapokezi inapopokea saruji, wahesabu mifuko kwa macho yao, waone risiti na saini zinavyowekwa. Wasipewe madaraka ya kukagua watu wazima, ni kuona tu utaratibu, inatosha.

NDANI YA SHULE: UCHAGUZI WA SERIKALI YA WANAFUNZI

Hii unaweza kuifanya sambamba na hayo mengine, na hapa niseme ukweli unaouma: shule nyingi wanafunzi wanapiga kura halafu walimu wanakaa ofisini wanabadilisha majina. Afadhali msifanye uchaguzi kabisa mkateua viranja waziwazi, kuliko kumfundisha mtoto wa miaka 15 kwamba kura yake inahesabiwa na mtu mwingine chumbani. Akishaamini hivyo, ukubwani utamwambia nini?

Kama mnafanya, basi fanyeni kamili. Sifa za wagombea zitangazwe kabla ya fomu kutoka, na mchujo ufanywe kwa sifa hizo tu, anayekatwa aambiwe sababu kwa maandishi na apewe siku mbili za kukata rufaa. Kuwe na tume ya wanafunzi wasiogombea, daftari la wapiga kura kwa kila mkondo, kampeni za siku nne bila kugawa biskuti wala soda, mdahalo mmoja wa wagombea wote. Siku ya kura kuwe na kituturi, hata kama ni kanga imetundikwa pembeni ya ofisi ya michezo, sanduku lionyeshwe tupu mbele ya watu kabla ya kufungwa, kila mgombea awe na wakala. Kuhesabu kufanyike pale pale mchana kweupe, karatasi moja moja inanyanyuliwa inasomwa, zilizoharibika zinatengwa na mawakala wanakubaliana kwa nini zimeharibika. Mawakala wanasaini, matokeo yanabandikwa siku hiyo hiyo kabla watu hawajaenda nyumbani.

Halafu waliochaguliwa wapewe kitu cha kuamua. Kaka mkuu na dada mkuu ambao kazi yao ni kuandika wachelewaji na kushika fimbo hiyo siyo serikali. Wape ratiba ya usafi waipange wao. Wape sehemu ya mapato ya shamba au duka la shule, kiasi mkuu wa shule atakachoridhia, wakae waamue kinanunua mpira au mataulo ya dharura, na mwisho wa muhula wasome mapato na matumizi mbele ya paredi, waulizwe maswali na waliowachagua. Na mwanafunzi aliyeuliza swali gumu asiadhibiwe kwa sababu hiyo, leo wala kesho, wala kwa kisingizio kingine. Mkilegea hapo mara moja tu, shule nzima inajua ndani ya saa moja na hakuna atakayeuliza tena.

ALAMA NA FAILI

Alama za mradi zisitegemee kama vyoo vimejengwa, maana hilo halipo mikononi mwa watoto. Pima daftari la kumbukumbu la kila mmoja, usahihi wa takwimu, mchango wake kwenye barua, na insha fupi ya mwisho inayojibu maswali mawili: nani aliamua jambo hili, na ni kitu gani kilimfanya aamue hivyo? Atakayeweza kuyajibu kwa majina, tarehe na sababu mpe alama zake bila kubana.

Mwisho, faili. Weka jedwali la takwimu, barua zote, kurasa za dispachi, mihtasari, majibu, fomu za ridhaa za wazazi, kila kitu kwa mpangilio wa tarehe kwenye faili moja la shule, lisikae nyumbani kwako maana unaweza kuhamishwa kesho. Novemba kabla ya kufunga, kidato cha tatu wawakabidhi cha kwanza mbele ya mkuu wa shule, wawaeleze ahadi gani bado hazijatekelezwa na tarehe gani ya kwenda kukumbushia. Cha kwanza wasaini kupokea, na kazi yao ya kwanza Januari ni kwenda kuhesabu upya yale matundu.